Safu ya Mvuke

Kijana Bafadhil karithi duka la halua mwezi wa Rajabu,
pale Kibokoni, kichochoro kinapobana
hata mkokoteni ukapita ubavu.
Hesabu anazijua. Moto haujui.
Alisimama mlangoni, daftari kifuani,
akasoma kama anayesoma mashtaka:
sukari kumi, wanga mbili, samli tatu, maji kumi na tano.
Jumla kilo thelathini.
Halua iliyotoka, ishirini na moja.
"Fundi Shekuwe, kilo tisa zimekwenda wapi?"

Babangu hakujibu. Miaka kumi na tisa anakoroga
kwa mwiko unaompita kimo.
Alijifuta jasho kwa pembe ya kikoi,
na jasho lile nalo, sasa najua,
lilistahili kuandikwa.

Jumatano, darasani kwa Mwalimu Dzombo,
malori ya bandarini yakitikisa vioo:
chupa ya soda, siki kidogo ndani,
magadi nusu kijiko katika karatasi ya shashi,
na kifuniko chake, vyote juu ya mizani.
Tisini na sita nukta nne.
Akatumbukiza magadi, akakaza kifuniko mbio.
Povu likapanda. Chupa ikawa ngumu kama goti.
"Imeongezeka!" Mwanatumu akapiga kelele. "Imejaa upepo!"
Tukainama kusoma.
Tisini na sita nukta nne.
"Basi imepungua," akasema Ngombo kutoka nyuma,
ambaye macho yake hayafiki ubaoni.
Mwalimu akalegeza kifuniko. Pssss.
Akakirudisha pale pale juu ya chupa.
Tisini na tano nukta nane.
"Haya, nani kaiba?"
Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Akatueleza: magadi si magadi tena, siki si siki,
lakini chembe ni zile zile,
zimeachana mikono, zikashikana upya,
kama watu wa harusi waliobadilishana viti.
Hesabu ya watu haibadiliki
mpaka mtu afungue mlango.

Jumamosi nikaenda jikoni kwa babangu
na kifuniko cha bati nilichokilaza kwenye barafu.
Nikakishika juu ya sufuria. Kikatoka jasho.
Nikayakinga matone kikombeni, nikampa mwenye duka.
"Onja."
"Maji," akasema.
"Maji yako. Yale kumi na tano uliyoyaandika.
Yanatokea pale." Nikamwonyesha dari, nyeusi tititi.
"Na gunia la makaa liko wapi?
Majivu hata debe halikujaa. Utamshtaki nani?
Makaa yameungana na hewa, yakapita pale pale juu,
tena mazito kuliko yalivyoingia."

Hakuomba radhi. Alitazama dari kitambo,
kisha akachora mstari mpya kwenye daftari,
safu nyembamba, na juu yake akaandika: *Mvuke*.

Babangu, mgongo kampa, mwiko haujasimama,
akaitungia sufuria:

*Hesabu yako kijana, funga kwanza na mlango,*
*Mvuke hukuuona, ulipotoka kwa pengo,*
*Si wizi, wala hiana, wala si mkono mwongo,*
*Uzani ndio wa jana, umebadili mpango.*

Nikahesabu kwa vidole: nane, nane.
Mizani imetimia.
Hakuna silabi iliyovuja.

Jumatatu, foleni ya asubuhi, Mwanatumu akaunusa ushungi wangu.
"Umekula halua peke yako!"
"Wallahi sijala."
Lakini iliki ilikuwemo, na samli, na moshi,
labda chembe ya chembe ya gramu,
imetembea nami tangu Kibokoni.
"Hiyo ni ya Bafadhil," nikamwambia,
"na bado hajaiandika."