Nakala Mbili

Langoni navua mkanda, saa,
na funguo za nyumba ya shemeji.
Askari anasukuma trei bila kunitazama.
Masijala iko chini, anasema, ngazi za kushoto.
Theluji ya Erie inayeyuka viatuni mwangu,
inaniachia alama kila kidato,
ushahidi wa dakika mbili tatu.

Wenye nyumba wanne wamenikatalia mwaka huu,
wote kwa adabu, wote kwa sentensi moja:
tumeona una kesi.
Kesi waliiona.
Mwisho wake hawakuutafuta.

Ipo kompyuta ya umma, pembeni, ya yeyote.
Herufi A imefutika kwa vidole vya watu,
E imebaki mkia.
Naandika Mlondani. Hakuna.
Mlondani Asukulu. Hakuna.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
tuliimbishwa darasa la nne;
hatukuambiwa kwamba daftari laweza kuwapo
na mtu akapotelea humo humo.

Bi Jablonski, karani, ana miwani mbili,
moja machoni, moja nyweleni.
Haniulizi sababu. Sheria haimruhusu,
na nadhani hata ingemruhusu asingeuliza.
Geuza, ananiambia, anza na la mwisho.
Nageuza. Hakuna.
Anavuta kiti, anaondoa u moja katikati,
na mume wangu anajitokeza kwenye kioo
akitanguliza miguu:
Asuklu, M., mdaiwa. Na mke.

Na mke ni mimi.

Fomu: nambari ya kesi, tarehe, simu.
Senti hamsini kila ukurasa. Muhuri, dola nane.
Nangoja benchini na kijana wa koti la kazi
anayetafuta talaka ya mama yake;
anataka kujua nani aliomba kwanza.
Ananiambia hivyo, kisha anatazama viatu vyake.

Jalada linakuja. Kurasa saba.
Kwenye kadi ya wasomaji hakuna sahihi hata moja.
Miaka mitatu liko wazi kwa umma
na umma haukuja.

Shitaka. Wito. Hesabu ya kodi.
Ukurasa wa tano si chapa, ni mkono.
Mkono wake: zile t zenye kofia pana,
kalamu inayoishiwa wino,
neno la baridi limepitiwa mara mbili lisomeke.

*Mheshimiwa Jaji, sikukataa kulipa.
Boila imekufa tangu Novemba.
Mke wangu anakohoa usiku, anadhani nimelala.
Naambatisha risiti ya mablanketi matatu.*

Aliniambia: yameisha, yule bwana kalainika.
Hivyo tu, huku akivua soksi.
Mimi nikamsifu yule bwana, siku nyingi nikamsifu,
na yeye akala wali wake kimya.
Ningemuuliza. Lakini ni miezi kumi na minne sasa,
na mahali pekee katika mji huu
jina lake lilipoandikwa sawasawa
ni pale kwenye jiwe, nilikosimamia herufi mwenyewe.

Ukurasa wa saba ni mstari mmoja:
kesi imefutwa.
Nausoma kwa haraka, kama bei.
Narudi ukurasa wa tano.

Nakala ngapi? anauliza Bi Jablonski.
Mbili. Moja kamili, yenye muhuri,
ya mwenye nyumba wa Jumatatu.
Nyingine ukurasa wa tano peke yake. Usiugonge muhuri.

Bila muhuri haina nguvu, ananionya,
popote utakapoipeleka watairudisha.

Siipeleki popote.

Mashine inakoroma, inatoa karatasi hafifu,
neno la baridi halionekani.
Anaishika kwenye mwanga, anabadilisha miwani,
anaikunja, anaitupa kapuni.
Anabonyeza kitufe cha wino mara tatu,
anarudia.
Ile ya kwanza hanitozi.