Ubao Hauna Pindo

Kazi yangu mimi ni pindo.
Skuli zikikaribia kufunguliwa, kina mama wa Paje
huniletea watoto wao barazani,
nami hushika utepe: kifua, kiuno, mguu,
halafu naongeza inchi mbili nisizoulizwa,
nazikunja kwa ndani, nazificha kwa uzi mlegevu.
Mwaka ukigeuka, mtoto akarefuka,
nafumua uzi, suruali inashuka,
na mama mtu anadhani nimefanya uganga.

Leo nimo bandani mwa Vuai,
harufu ya gundi na rangi yanikaba koo.
Mbao tatu zimeegemezwa ukutani,
na binti yangu Kazija kanyamaza,
anaziangalia kama mtu anayeogopa kuamsha kichanga.

Ana miaka kumi na minne.
Tangu Idi ya Mfungo Tatu kaongezeka vidole vinne;
najua mimi, nimemteremshia suruali mara mbili
na pindo limekwisha.

Kwenye kaiti si mwanagenzi, wala si fundi.
Siku hizi anabisha upepo, anatokea pale pale alipoingilia,
harudi tena kwa miguu ufukwe mzima
huku wavulana wanamhesabia hatua.
Kuruka, bado. Akiruka huanguka kwa mgongo,
na mimi huku juu, sindano inanichoma kidole.

Vuai akaukokota ule mrefu.
"Mgeni kauacha, hakurudi. Laki tano.
Chukua huu, fundi, atakua ndani yake."

Atakua ndani yake!
Maneno yangu hayo. Nimeyauza miaka ishirini.
Lakini nguo kubwa haikuzamishi:
unakunja mkono, unakaza mshipi, unakwenda skuli.
Ubao unaokuzidi unakupeleka unakotaka wenyewe,
na miguu ya huyu bado ya kuku wa mfungo.

Mfupi, basi. Mzuri, rangi ya kasuku, laki mbili na nusu.
Nikamwona Kazija anaumeza kwa macho.
Nikaupima kwa utepe wangu, nikampima na yeye,
papo hapo, kama kanzu.
Huu wa leo, mwanangu.
Ramadhani ikija utakuwa kiatu cha mdogo wako.

Ukabaki ule wa katikati,
kijivu, ukingo umemeguka,
kiraka chake kimepakwa na mtu mwenye haraka.
Laki tatu na nusu, tena bila haya.

Nikasema moyoni: ubao hauna pindo.
Ukikatwa umekatwa.

Kazija akaupindua, akapiga magoti,
akautia mguu kwenye mkanda, akautoa.
"Baba, tazama matundu."
Matatu kila upande, yamepangwa kama vifungo.
"Sasa nitafunga la ndani. Nikirefuka, natoka nje."
Nikapapasa kwa kidole gumba: moja, mbili, tatu.
Wallahi, kuna fundi mahali,
simjui, hanijui,
kaacha nafasi kwa mtoto asiyemwona.

Mfukoni nina laki mbili na themanini,
sare kumi na moja na kanzu moja ya harusi.
Vuai akatazama dari. Nikatazama dari na mimi.
Pale juu zimening'inia kaiti mbili zilizochanika.
"Nitakushonea hizo," nikasema,
"mshono wa nyoka, mara mbili, hautafumuka."
Akacheka. Akaupangusa ubao kwa shati lake.

Nyumbani mama yake akauzunguka kama anakagua mbuzi.
"Fedha yote hii, na kiraka juu?"
Nikamwambia: mke wangu, wewe umeolewa na viraka.

Usiku nikasikia bisibisi ukumbini.
Kalifunga tundu la ndani.
Kimya kidogo.
Kalifungua, kalifunga la kati.
Sikutoka, sikukohoa.
Naye amejiongezea inchi yake moja
asiyoulizwa.