Mzambarau Mweupe

Langoni, nyuma ya kwa kina Barke,
kuna mizambarau miwili.
Mmoja huzaa tunda jeusi, wino mtupu;
wa pili, jeupe kama jino la utotoni.

Tulikuwa tukiiba wa pili.
Mweusi ulitusaliti. "Toa ulimi!"
na ulimi ukatoa ushahidi,
na kanzu ya Athmani pia.
Mweupe haukusema kitu.

Leo nimerudi na vichupa na barafu.
Nimesaga maganda, nimezisoma jeni
herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni.
Rangi imo, imeandikwa yote.
Ila swichi ya kuiwasha haishiki:
herufi moja imedondoka.

Na rangi ile, Barke, si pambo.
Hulikinga tunda na jua.
Ndiyo ule ukakasi uliotukunja midomo,
na inayofaa mwilini ni hiyo hiyo.

"Kwa hivyo huu wangu bure?"
ananiuliza, kokwa shavuni.

Una sukari. Una maji.
Vitamini, ya kupimia kwa tone.

Naandika daftarini: *rangi, sifuri.*
Vichupa vilikuwa kumi na viwili,
sasa kimoja kitupu.
Natoa ulimi mbele ya kioo.
Safi.