Goti la Sinki

Fundi Mbwiga alisema, "Niko njiani, dada,"
Jumanne.
Alhamisi bado yuko njiani,
na njia yake sijui inazungukia mkoa gani.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawajawahi kupanga nyumba Kijitonyama.
Mimi nayazoa. Alfajiri nayazoa, usiku nayazoa,
beseni zima la maji ya kijivu
yenye utando wa mafuta na harufu ya dagaa wa juzi.

Ijumaa nikafunga kanga kiunoni,
nikatoa madumu, sabuni, na kisahani cha sumu ya mende,
nikapiga goti.
Na mle gizani, kwa tochi ya simu niliyoiegemeza kwenye dumu,
nikaliona na lenyewe limepiga goti:
bomba linashuka, linapinda,
linapanda tena kidogo, kama lililobadili nia,
ndipo linaingia ukutani.
Mafundi wanaliita pii trapu.
Mimi nililiita goti, maana tulikuwa goti kwa goti,
na sote wawili tulikuwa tunavuja.

Nati ya juu ilifunguka kwa kusihiwa.
Ya chini ikatoka na kipande cha goti lenyewe.
Kuna mtu aliikaza kwa spana, kwa nguvu zake zote,
mpaka plastiki ikapata ufa mwembamba kama unywele.
Nikafungua kinywa nimlaani.
Nikakumbuka: ni Mbwiga,
na siku ile nilimpa na chai.

Ndani:
punje za wali, majani ya chai yaliyogeuka udongo,
ukoko mweusi usio na jina,
na kizibo chekundu cha chupa ya dawa ya kikohozi
cha enzi Rukia ana miaka mitatu,
anakohoa usiku kucha kifuani kwangu.
Rukia huyo huyo sasa yuko kidato cha pili,
amesimama mlangoni, ameziba pua.
"Mama, tupa hicho."
Nikakitia mfukoni.

Gerezani nilikwenda mikono mitupu.
"Inchi moja na robo, au moja na nusu?"
Nikamwonyesha muuzaji duara la vidole.
Akacheka kistaarabu. "Dada, vidole si rula."
Nikanunua moja na nusu, kwa kiburi.
Nikarudi na moja na nusu, jasho hadi kisigino,
safari hii nimelibeba goti bovu ndani ya gazeti,
na watu kwenye foleni ya dirisha
wakanipisha wenyewe.

Akanipa la robo. Akanishika kiganja, akakikunja:
"Spana iache nyumbani. Kaza kwa huu mkono.
Ikisikia, iache."

Mara ya kwanza washa niliigeuza kichwa chini.
Tone. Tone. Mpaka ndani ya mkono wa blauzi.
Mara ya pili nilikaza kidogo,
nikasubiri,
nikakaza kama unavyofunga kifungo cha shati la mtoto aliyelala.
Ikasikia.

Rukia akachuchumaa pembeni yangu.
"Kwa nini wasilinyooshe tu? Maji yaende moja kwa moja."
Nikamwambia: ili mengine yabaki.
Hapo kwenye kona, siku zote, yanabaki kidogo.
Upande wa pili kuna vyoo vya mtaa mzima,
vya baa ya kona, vya nyumba ya wageni, vyetu pia,
na kinachotutenga navyo
ni nusu kikombe cha maji.
Akanyamaza. Kisha akaweka beseni lake mwenyewe,
"kama tahadhari," akasema.

Jumapili saa kumi Mbwiga akabisha, mfuko begani.
Aliinama, akapapasa nati, akapapasa tena.
"Nani kakufungia hii?"
Sikujibu. Nilikuwa natafuta sukari.
Alikunywa chai, akasuuza kikombe mwenyewe,
akafunga koki,
na tukasimama pale wote watatu, kimya,
tukisikiliza beseni tupu.