Akiba ya Mshono

Mimi ni fundi cherehani, Buraimi,
duka la tatu baada ya msikiti, mlango wa kijani.
Lugha ya mezani kwangu bado ni ya Wete.
Nusu ya wateja hutoka upande wa pili wa seng'enge,
na kwa miaka thelathini seng'enge ile
tuliiona kama kamba ya kuanikia nguo.

Kisha waziri wetu akaalikwa chakula kwao.

Tulitazama kwenye televisheni, nina pini midomoni:
zulia, wenyeji wamesimama, kahawa imemiminwa
robo ya finjani, kama adabu inavyotaka.
Yeye akatazama dari, akatazama nguzo, akasema,
"Hapa babu yangu alikuwa akifunga punda wake."
Akacheka.
Alicheka peke yake.
Mwenyeji akaitua finjani bila kuinywa,
na mimi, huku nyuma ya cherehani, nikajidunga.

Kesho yake msemaji akatoa ufafanuzi:
Mheshimiwa hakudai ardhi ya mtu.
Siku ya tatu Mheshimiwa akaufafanua ufafanuzi.
"Si punda," alisema. "Nilimaanisha ngamia."

Basi.
Balozi alirudishwa na masanduku yake.
Langoni foleni ikawa ndefu kuliko Ramadhani ya Agosti.
Gulzamani, dereva, alilala siku nne chini ya lori
la nyanya za Suhari; usiku wa tatu
zikaanza kumdondokea usoni.
Askari wa upande ule, kijana aliyezoea kuniita mama,
akaigeuzageuza pasipoti yangu kama anayekagua samaki:
"Unakwenda kwa nani?"
Kwa nani! Joho la harusi yako, mwanangu,
nililipiga pasi mimi.

Wanasema mdomo huponza kichwa.
Labda vichwa vya zamani.
Siku hizi mdomo unakaa mji mkuu, penye kiyoyozi,
na kichwa kinachoponzeka kiko hapa, juani,
kinasubiri muhuri.

Gauni la Moza binti Shamsa limetundikwa tangu Rajabu,
mkono mmoja una zari, wa pili uko uchi.
Mama yake ananitumia sauti kwenye simu:
"Bibi harusi anakula wasiwasi, fundi, ananenepa.
Njoo ukiweza. Hatukukasirikii wewe."
Hiyo *wewe* nimeirudia mara tano.

Ningeitwa kwenye ukumbi ule
(na nani amwite fundi?)
ningemnong'oneza jambo moja:
kitambaa hakikatwi juu ya mstari wa chaki.
Unaacha vidole viwili, unavikunja ndani, visionekane,
ili mwili ukibadilika nguo isitupwe.
Na neno vivyo hivyo.
Yeye alikata juu ya chaki, kwa mkasi butu,
mbele ya kamera.

Jana falaji ilileta kandambili ya mtoto, ya bluu,
imepita chini ya seng'enge.
Ya kwao, ya kwetu, sikuweza kujua.
Nimeiweka dirishani, mwenyewe akipita aione.

Leo nimeanza ule mkono wa pili.
Nimeacha vidole vitatu.