Pikipiki ya Bwana Mbu

Kwanza niliwahamisha kuku.
Yule mwekundu alikuwa ameatamia juu ya kiti,
mayai saba katikati ya springi zilizochomoza,
na aliponidonoa mkono nikamwomba radhi:
mwenye nyumba ni yeye, miaka yote hii.

Baba aliiegemeza hapa, nyuma ya choo,
akafuta mikono kwa tambara, akasema,
"Kesho nitaitazama."
Kesho yake ikawa miaka arobaini na mmoja.
Akafa ameiacha kama deni la sukari dukani.

BSA, Bantamu, ya Waingereza,
kijani cha pojo chini ya kutu.
Ilimpeleka Mambrui, Gongoni, hadi Marafa,
pampu ya dawa mgongoni,
watoto wakimkimbilia: Bwana Mbu! Bwana Mbu!
Hakuna mbu aliyewahi kumwogopa,
husema mamangu.

Nikaenda kwa vijana wa boda, Maweni, kuazima spana.
Ya kumi na tatu haiingii.
Ya kumi na nne inazunguka bure, inakula nati pembe.
Mramba akacheka hadi akaketi juu ya tairi:
"Mwalimu, hii imezaliwa kati ya namba mbili."
Nami vilevile, nikamjibu, lete tupa.
Tukaisugua ile ya kumi na tatu jioni mbili
mpaka chuma kikakubali.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda
kama watu wawili wasiosemezana, kitanda kimoja.
Nikaimiminia dizeli kwenye tundu la plagi,
nikangoja. Ijumaa. Jumamosi.
Jumatatu nilikwenda kusahihisha mitihani, nikarudi, bado.
Siku ya tisa, nakanyaga kiki huku nawaza ukoko wa wali,
ikashuka. Unywele mmoja.
Nikapiga ukelele,
Bi Sikujua akaruka ua na ufagio, akidhani nyoka.

Nimejifunza mambo yasiyo na faida:
kwamba gia iko mguu wa kulia na breki wa kushoto,
kinyume na boda zote za mji huu;
kwamba chumvi ya Malindi huila kromu
kutokea ndani, polepole, kwa adabu;
kwamba kabureta huoshwa kwa mafuta ya taa na mswaki,
na mswaki huo haulizwi ulikuwa wa nani.

Mamangu hakuuliza kitu.
Alikaa mlangoni akipeta mchele, ameipa mgongo.
Mara moja tu, nilipokuwa nahangaika na ekzosi,
sijui inakaa upande gani,
akaivuta kanga yake hadi juu ya shavu la mguu,
mguu wa kulia:
kovu, refu kama kidole,
linang'aa kama karatasi ya peremende.
Akaishusha kanga.
Nikaihamishia ekzosi kulia.

Alhamisi, baada ya alasiri,
petroli na oili nimezichanganya kwa kikombe cha uji,
nikakanyaga. Kikohozi. Nikakanyaga.
Mara ya kumi na mbili, au ya ishirini, nilishaacha kuhesabu,
moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakapaa hadi paani,
na sauti ile, kama mtu akunaye nazi kwa hasira,
ikagonga ukuta ikarudi,
ikagonga ikarudi.

Nikamtazama mamangu.
Hakugeuka. Ungo ulisimama hewani,
punje mbili tatu zikadondoka.
Lakini mguu wake wa kulia, wenyewe tu,
ulikuwa umekwisha kujikunja ndani,
mbali na moto.

Kisha ikazima.

"Bilula ya petroli," akasema, ungo ukaanza tena.
"Hujaifungua.
Na yeye alikuwa hivyo hivyo."