Majivu ya Ukumbini

Filadelfia, kiangazi cha 1787

Madirisha wameyafunga yote, hadi komeo la juu
ambalo Enoki bawabu hulifikia kwa kupanda kiti,
na ni Juni, Juni ya jiji hili,
inzi wenyewe wamechoka kuruka, wanatembea.
Barabarani wamemwaga udongo juu ya mawe
ili magurudumu yapite yakinong'ona.
Ndani, wanaume kadhaa na makoti yao ya sufu
wanaokwa kama mikate.

Jioni wakitoka, mimi huingia.
Tamari Boulden, mfagizi, shilingi mbili kwa juma,
ndoo, ufagio, na amri moja:
kila karatasi iliyoanguka, itie motoni.
Hawakuniuliza kama najua kusoma.
Nami sikuona sababu ya kuwasumbua.

Mjini kila mtu ana lake.
Muuza chaza wa kona anaapa wanatafuta mfalme.
Mke wa mwoka mikate anasema wanagawana ardhi.
Fundi viatu, Mjerumani, anatikisa kichwa:
mficha uchi hazai,
na hawa wamejifunika gubigubi.
Mimi hununua chumvi yangu nikanyamaza.
Siri ya mtungi muulize kata.

Maana nimemsoma Bwana Ashbel Thorne,
yule mnene wa kiti cha tatu, mwenye kikohozi.
Jumatatu aliandika KAMWE, kwa herufi kubwa,
akaipigia mstari mpaka karatasi ikachanika.
Jumatano: kamwe, kwa herufi ndogo.
Ijumaa nikaokota chini ya kiti chake
kipande kisichozidi jani la mnanaa:
labda.

Hapo nikaelewa komeo.
Mtu akisema kamwe uwanjani,
mbele ya mkwe wake na mchapa gazeti,
kamwe hiyo humganda kama nta kidoleni.
Atazikwa nayo, hata akijua amekosea,
kwa kuwa aibu ina uzito kuliko kosa.
Lakini mle ndani, bila shahidi,
mtu aweza kula matapishi yake
na kesho akaja na uso mkavu.
Hata kuku, akiatamia, hataki kutazamwa.
Niliwaonea huruma, nakiri.
Kiti cha Bwana Thorne nilikifuta mara mbili.

Kisha Julai.
Chini ya meza ya watu wa kusini
nikaokota hesabu.
Tatu juu, mstari, tano chini.
Nilidhani ni bei ya tumbaku.
Nikaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko mzuri
wa mtu asiye na haraka:
watu wengine wote.

Nina kaka, Mingo, yuko Karolina kwenye mpunga.
Ana vidole tisa; cha kumi kilibaki kinuni.
Nikakaa sakafuni nikamgawa.
Mafungu matano. Nikachukua matatu.
Je, kicheko chake kimeangukia upande upi?
Na lile goti linalomuuma mvua ikikaribia?

Mlango uliomruhusu Thorne kulainika
ndio huohuo uliomruhusu mwingine kupiga hesabu hii
bila kuutazama uso wa anayehesabiwa.
Komeo halichagui.
Nilifikiri kumwendea mchapa gazeti.
Nilifikiri hadi mshumaa ukaisha.
Nani angeamini kwamba ufagio umesoma?

Nikaichoma. Amri ni amri,
na shilingi mbili ni mkate wa juma.
Ila majivu, hakuna aliyeniambia niyapeleke wapi.
Niliyachanganya na ya kuni, nikayachuja kwa maji ya mvua,
nikayachemsha na mafuta ya ng'ombe,
nikapata sabuni ya kijivu, kali, inayokula ngozi.

Septemba walipofungua madirisha
wakajipanga kutia sahihi,
mashati waliyovaa niliyafua mimi.
Yalikuwa meupe pe.
Bwana Thorne, kalamu mkononi,
alikuwa akijikuna shingo.